Asiye na Kosa ni Nani? Neno kwa Walimu Wenzetu

Katika darasa la Kiswahili hakuna neno tulitumialo mara nyingi kuliko "kosa". Twalitamka tukisahihisha imla, twaliandika kwa wino mwekundu kando ya insha, na mwisho wa muhula twayahesabu makosa ili tumpe mwanafunzi alama yake. Neno hilo hilo ndilo litumiwalo na polisi, karani wa mahakama na hakimu. Mshtakiwa akiachiliwa huru watu husema, "Hana kosa." Mtoto akiandika imla yake sawasawa twasema vile vile, "Hana kosa." Twadai ya kwamba kuchanganyika huku kwa maana mbili si jambo dogo la msamiati. Kumewaumiza watu, na miongoni mwa walioumia ni wasemaji wa Kiswahili wa upande wa kaskazini kabisa, yaani Wabajuni wa Ngumi na visiwa jirani vyake. Sisi walimu tumo katika jambo hilo, tupende tusipende.

Kwanza hatuna budi kuyatazama maneno yenyewe. Asili ya kukosa ni kutopata. Mvuvi hutupa mshipi akamkosa samaki. Mgeni hubisha hodi akamkosa mwenyeji. Mwenye njaa hukosa chakula. Katika matumizi hayo hamna dhambi wala aibu. Hatia ni jambo jingine. Hatia ni mzigo ambao mtu hutwikwa baada ya tendo lake kuthibitishwa. Ndiyo maana twasema mtu "ametiwa hatiani", au "amepatikana na hatia". Haisemwi kwamba mtu amezaliwa nayo, wala kwamba ameivaa kwa sababu ya kabila lake au matamshi yake. Kwa hiyo asiye na hatia si mtu wa pekee aliyetunukiwa sifa. Ni mtu yeyote yule kabla hajathibitishiwa tendo.

Maana hii haikuja na meli ya Wazungu. Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, ambayo Wabajuni wameifuata kwa karne nyingi, hufundisha kwamba asili ya mwanadamu ni kutokuwa na dhima, na kwamba mwenye kudai ndiye apaswaye kuleta ushahidi. Azimio la Haki za Binadamu la mwaka 1948 lasema hivyo kuhusu washtakiwa, na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wa mwaka 1981 umerudia. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 na Katiba ya muda ya Somalia ya mwaka 2012 zote zina kifungu cha namna hiyo. Ikiwa jambo hili limekubaliwa kila mahali, mbona twaandika? Twaandika kwa sababu katika mazungumzo yetu ya kila siku, na hata katika vitabu vyetu vya shule, maana hiyo imesukumwa pembeni na maana nyingine mbili.

Ya kwanza ni ile ya utoto. Twasema, "Maskini, hana hatia, hajui kitu." Hapa kutokuwa na hatia kumefanywa kuwa sawa na kutojua. Ya pili ni ile ya usafi mkamilifu, ambayo wenye elimu huitumia neno maasumu, yaani aliyehifadhiwa na dhambi. Hatuyakatai maneno haya mahali pake. Tuyakataayo ni kuyatumia kwa watu wazima wanaodai haki. Ukimtetea mtu mzima kwa kumwita mtoto, umemnyima sauti yake. Ukimtetea kwa kumfanya malaika, siku atakapoonekana kuwa binadamu, mwenye kusahau tarehe au kutaja jambo moja kwa njia mbili, watu watasema amewadanganya.

Ndivyo Wabajuni walivyotetewa mara nyingi. Wameelezwa kuwa ni wavuvi wapole wasiojua siasa. Maelezo haya yana huruma ndani yake, lakini si ya kweli. Visiwa vyao vimepangana pwani kutoka karibu na Kismayo kushuka kusini hadi upande wa Ras Kamboni, wapaitapo wenyewe Kiamboni. Koyama, Ngumi, Chovai na Chula ni miongoni mwavyo. Wakazi wake walikuwa manahodha na mafundi wa vyombo. Wabajuni wamesifika pwani nzima kwa mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba pasipo msumari hata mmoja. Waliabiri hadi Lamu, Mombasa na kwingineko, wakaijua bahari na biashara yake. Mtaalamu wa Kiitalia, Vittorio Grottanelli, aliandika kitabu kizima juu ya wavuvi hao, kikachapishwa mwaka 1955. Watu wa namna hii si watoto. Hawakuwa bila hatia kwa kuwa hawakujua. Walikuwa bila hatia kwa kuwa hawakutenda.

Na jambo ambalo hawakulitenda ni vita. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka mwaka 1991, Somalia iligawanyika kwa silaha na kwa koo. Wabajuni, ambao hawamo katika koo kubwa za Kisomali, hawakuwa na wanamgambo wa kuwalinda. Wanamgambo wenye bunduki waliwaibia vyombo na nyavu, wakawatesa na kuwafukuza. Wengi waliingia mashuani wakakimbilia Kenya, na kambi ya Jomvu, karibu na Mombasa, ikawapokea baadhi yao. Baadaye wengine walirejea, wengine wakabaki pwani ya Kenya kwa jamaa zao, na wengine wakaendelea na safari hadi Ulaya.

Methali yetu yasema mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo. Twaitumia mara nyingi kwa kuwafariji walioonewa, kana kwamba kuingia mtegoni ni bahati mbaya tu. Lakini mtego hutegwa na mtu. Methali nyingine yasema samaki mmoja akioza huoza wote. Hii ni nzuri kwa kikapu cha samaki, nasi hatuna ugomvi nayo sokoni. Ikihamishiwa kwa wanadamu huwa fundisho baya, kwa maana hufundisha kwamba hatia huambukiza kwa ukaribu. Ni mara ngapi tumewapa wanafunzi methali hiyo waandikie insha pasipo kuwataka waipinge?

Sasa twafika mahali ambapo lugha yenyewe iliitwa kuwa shahidi. Mbajuni aliyefika Uingereza au nchi nyingine ya Ulaya kuomba hifadhi hakuwa na hati. Vitu vyake vilikuwa vimeibwa, na nchi yake haikuwa na ofisi ya kumwandikia vingine. Alichobaki nacho ni kumbukumbu na ulimi. Basi aliulizwa visiwa vimepangana vipi, na sauti yake ikanaswa katika mahojiano mafupi, mara nyingi kwa simu, ili mchambuzi aisikilize aseme mtu huyu ametoka wapi. Mara nyingi mwenye kusikiliza ni msemaji wa Kiswahili kama sisi.

Tazameni jinsi mtego ulivyotegwa. Mbajuni akisema Kibajuni, huweza kuambiwa kwamba lahaja hiyo husemwa Kenya pia. Akichanganya na Kiswahili cha Mombasa, alichokipata katika miaka ya ukimbizi, huweza kuambiwa kwamba yeye ni Mkenya. Asipojua Kisomali huulizwa ni mtu wa Somalia wa namna gani. Kisomali kilianza kuandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini mwaka 1972 na kikawa lugha ya serikali na ya shule, lakini aliyekulia kisiwani pasipo shule alikuwa na sababu gani ya kukijua vizuri? Suala la lugha lilikuwa zito kiasi kwamba mwaka 2004 baraza la rufani za uhamiaji la Uingereza lilitoa uamuzi ulioshughulikia hasa Wabajuni na ujuzi wao wa Kibajuni.

Wenye kutupinga watasema: mwomba hifadhi si mshtakiwa. Yeye ndiye mdai, na kwa kanuni hiyo hiyo mliyoitaja, mdai alete ushahidi. Tena wapo waongo. Wapo Wakenya waliojiita Wabajuni wa Somalia ili wapate makazi Ulaya.

Hoja hii ni ya haki, nasi hatutaikwepa. Ni kweli wapo waliodanganya. Ni kweli pia kwamba mwomba hifadhi hudai jambo na hupaswa kulieleza. Lakini mwongozo wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi, uliotolewa mwaka 1979, wasema kazi ya kutafuta ukweli ni ya pande mbili, mwombaji na mwenye kumhoji, na kwamba mwombaji aliyejitahidi kwa unyofu apewe nafasi ya kuaminiwa palipobaki shaka. Sababu yake yaeleweka. Mtu aliyekimbia hawezi kurudi kuleta cheti. Zaidi ya hayo, afisa anaposema "huyu si Mbajuni wa Somalia", naye ametoa dai. Amemwita mwenzake mwongo. Dai hilo nalo lataka ushahidi, na ushahidi wake hauwezi kuwa tu kwamba matamshi yamemshangaza msikilizaji. Waongo kumi wakipatikana, mtu wa kumi na moja bado hajadanganya. La sivyo tumerudi kwenye kikapu cha samaki.

Je, lugha yaweza kutoa ushahidi unaotakiwa? Yaweza kutoa kiasi. Mwaka 2004 wanaisimu kutoka nchi mbalimbali walikubaliana juu ya mwongozo wa kazi hii. Walisema uchambuzi wa lugha waweza kuonyesha mahali ambapo mtu alilelewa katika lugha fulani, lakini mwanaisimu asiombwe kuamua uraia. Kwa Wabajuni tofauti hii ni ya kila siku. Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia nchi ya Jubaland, na tangu hapo ndugu wa Ngumi na Chula wamekuwa upande mmoja wa mpaka, na ndugu wa Kiunga na Faza upande wa pili. Mpaka ulichorwa na serikali mbili za Ulaya. Matamshi hayakuulizwa, wala hayakuutii. Wataalamu waliokichunguza Kibajuni kwa miaka mingi, kama Derek Nurse, wametuonyesha lugha yenye historia yake na tofauti zake za ndani, isiyopimika kwa sikio la mtu aliyezoea Kiswahili cha mjini tu.

Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Carnwath, ilizungumzia ripoti za namna hii katika rufani za watu wawili waliosema wametoka Somalia. Ripoti zilitoka katika kampuni ya Sweden iitwayo Sprakab, na wachambuzi wake hawakutajwa kwa majina. Mahakama haikuzikataa ripoti hizo moja kwa moja. Lakini iliwakosoa wachambuzi kwa kutoka nje ya ujuzi wao wa lugha na kuanza kupima iwapo mhojiwa aijua vyema nchi aliyoitaja. Kwa maneno mengine, mahakama iliwaambia watu wa lugha wasigeuke mahakimu. Twaona fedheha kwamba ilibidi jaji wa London atuambie jambo ambalo tulipaswa kujiambia sisi wenyewe.

Kwa nini tuseme "sisi"? Hapa ndipo tunaporudi darasani. Mmoja wetu alifundisha shule ya msingi mjini Mombasa miaka michache baada ya vita kuanza. Alikuwa na mwanafunzi wa kiume aliyeletwa na shangazi yake, mtoto mkimya, mwepesi wa hesabu. Siku moja darasa liliandika insha juu ya bahari. Mtoto yule aliandika kurasa mbili juu ya usiku mmoja chomboni, na kila alipotaka kuandika "mtu" aliandika "mchu". Ndivyo Wabajuni wengi watamkavyo. Ndiyo maana kisiwa kile kile ramani moja hukiita Chula na nyingine Tula, na Chovai huandikwa pia Tovai. Mwalimu alilikata neno hilo kwa wino mwekundu mara kumi na nne, akaandika chini: "Makosa mengi mno." Mtoto alipopewa daftari alilitazama sana, kisha akauliza kwa adabu, "Mwalimu, kwetu sote tuna makosa?"

Mwenzetu hakuwa na jibu. Baadaye alituambia kwamba jambo lililomkaa rohoni ni neno lenyewe alilolikata. Katika maneno yote ya insha ile, alilotia alama ya kosa mara kumi na nne ni neno lenye maana ya binadamu.

Twasema hivi bila kumlaumu peke yake, kwa kuwa kila mmoja wetu amefanya mfano wa hayo. Tumesahau ya kwamba usanifu wa Kiswahili una tarehe. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua Kiunguja kuwa msingi wa lugha ya shule na vitabu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaundwa kuisimamia kazi hiyo. Kabla ya hapo "mchu" halikuwa kosa kwa mtu yeyote. Lilikuwa neno la watu wa kaskazini, kama "ndia" lilivyokuwa la Lamu. Halikutenda jambo lolote baina ya 1927 na 1931 lililostahili adhabu. Lililobadilika ni kipimo, na kipimo kiliwekwa na watu kwa sababu za utawala na uchapaji.

Je, twataka usanifu uachwe? La hasha. Lugha ya taifa, ya mitihani na ya magazeti yahitaji umbo linalokubaliwa, na mtoto wa Kibajuni ana haki ya kulijua umbo hilo kama mtoto wa Unguja au wa Mwanza. Kumnyima ni kumfungia nje. Twapinga jambo moja tu, nalo ni kumfundisha umbo sanifu kwa njia ya kumhukumu. Mwanafunzi aandikaye "watu anakuja" amekosa kanuni anayoifuata mwenyewe akisema. Mwanafunzi aandikaye "mchu" hakukosa. Amefuata kanuni ya kwao, tena kwa uthabiti. Mwalimu asiyeweza kutofautisha mambo haya mawili hana haki ya kushika kalamu nyekundu. Na mwalimu huyo huyo akiitwa kesho kusikiliza sauti ya mkimbizi, atasikia makosa pale palipo lahaja, na uongo pale palipo safari ndefu. Mwenye mazoea ya kumtia mtoto hatiani kwa matamshi hatapata shida kumtia mtu mzima.

Wapo wenzetu wasemao kwamba habari za wakimbizi ni za wanasheria, sisi tushike sarufi yetu. Tungekubali kama sarufi yetu isingechukuliwa kwenda kutoa ushahidi. Lakini imechukuliwa, na mtu amekaa katika chumba cha mahojiano, mbali na nyumbani, akijua ya kwamba sauti moja au mbili zaweza kuamua kama atalala salama au atarudishwa mahali pasipo pake. Anayeambiwa si wa Somalia hakupewa kwa maneno hayo uraia wa Kenya. Hubaki katikati, hana huku wala kule. Hilo ndilo zao la "kosa" letu lisilopambanuliwa.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu, nayo yote yamo ndani ya uwezo wetu bila kungoja wizara.

Kwanza, tuache kutumia alama moja kwa mambo mawili. Palipo na kosa la kanuni tuandike kosa. Palipo na lahaja tuandike pembeni umbo sanifu, tumweleze mwanafunzi kwamba hili ni la kwao na lile ni la wote, naye ayajue yote mawili.

Pili, mwalimu atakayeombwa kuchambua sauti ya mwomba hifadhi ajiulize kama aijua lahaja hiyo kwa kuishi nayo au kwa kuichunguza. Kama haijui, akatae, hata kama malipo ni mazuri. Kama aijua, aseme alichosikia na mipaka yake, aweke jina lake, wala asitamke uraia wa mtu.

Tatu, tufundishe maana ya kutokuwa na hatia kama inavyostahili. Tusiwaambie watoto ni ujinga wa mtoto mchanga wala utakatifu wa malaika. Tuwaambie ni haki ya kila mtu, mwerevu na mjinga, mpole na mkali, msemaji wa lahaja yoyote, mpaka mwenye kumshutumu alete ushahidi. Na tuwape methali ya samaki mmoja waijadili kwa kuipinga.

Kisiwa cha Ngumi jina lake humfanya mwanafunzi wetu afikirie ugomvi. Watu wa visiwa vile hawakuomba wasifiwe kwa upole wao, wala hawana haja ya kuthibitisha upole huo kwa mtu. Walichodai ni kile ambacho kila mmoja wetu angekidai, kwamba mwenye neno juu yao alithibitishe. Mtoto yule wa Mombasa naye alidai hilo hilo kwa swali lake. Jibu lilikuwa fupi, na mwalimu wake angeweza kulitoa siku ile ile mbele ya darasa zima: "La, mwanangu, kwenu hamna kosa."

Wenzetu wenye rai iliyo kinyume na hii twawakaribisha waandike.